Neno la Asiyeapa: Wasioamini Mungu, Kiapo, na Istilahi Zetu

Utangulizi

Mfasiri akutanapo na hati inayomtaja mtu asiyeamini kuwapo kwa Mungu, aghalabu hulikimbilia neno lililo karibu naye: kafiri, mpagani, mulhidi, mkanamungu. Kila moja kati ya maneno hayo lina historia yake, lakini yote humtaja mtu kwa jambo asilokuwa nalo. Hakuna hata moja linaloeleza mtu huyo anashika nini, anajifunga kwa nini, na kwa sababu gani jirani yake aliamini neno lake. Upungufu huo si wa Kiswahili peke yake. Lugha nyingi zinao. Hata hivyo una madhara, kwa sababu istilahi huingia mahakamani, katika fomu za serikali na katika vitabu vya shule, na huko jina laweza kumpa mtu haki yake au kumnyima.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu: jinsi jina la kukana lilivyowafanya watu waaminifu wahesabiwe kuwa hawawezi kutoa ahadi, jinsi watu hao walivyotafuta maneno ya kueleza yale wanayoyashika, na mafunzo ambayo watunga istilahi, wafasiri na walimu wetu wanaweza kuyapata. Mfano mkuu ni wa Uingereza katika karne ya 19, kwa kuwa huko ugomvi huu uliamuliwa hadharani, mahakamani na bungeni, na kwa kuwa maneno yaliyotokana nao yamo hata katika sheria zetu. Makala hayakusudii kuamua kama Mungu yupo au hayupo. Kazi hiyo si ya mwanaistilahi.

Majina yaliyopachikwa

Neno la kale la Kigiriki, atheos, maana yake ni "asiye na Mungu". Tangu mwanzo lilitumika zaidi kama shutuma kuliko kama maelezo. Mwaka 399 K.K. Socrates alishtakiwa mjini Athens kwamba hakuitambua miungu ya mji, akahukumiwa kufa. Katika karne za kwanza za Ukristo, Wakristo wenyewe waliitwa kwa jina hilo hilo katika dola ya Kirumi, kwa kuwa walikataa kuitolea sadaka miungu ya dola. Justin, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, alijibu kwamba kwa habari ya miungu ile Wakristo walikuwa tayari kulikubali jina hilo, ila si kwa habari ya Mungu wa kweli. Hapa pana fundisho la kwanza: neno hili lilimweleza msemaji kadiri lilivyomweleza msemwa. Aliyeitwa asiye na Mungu mara nyingi alikuwa ni mtu asiye na Mungu wa yule aliyemwita.

Katika Kiswahili tunao mfano ulio wazi zaidi, nao ni neno mzandiki. Asili yake ni zindiq la Kiarabu, ambalo nalo lilitoka katika lugha ya Kiajemi. Katika Kiarabu neno hilo lilitumika kwa watu waliodhaniwa kushika mafundisho yaliyo kinyume cha dini kwa siri, na hatimaye kwa wenye mawazo huru katika mambo ya dini. Lilipofika kwetu, habari ya dini ilififia ikabaki habari ya tabia. Leo mzandiki ni mnafiki, mtu mwongo asiyeaminika. Safari hiyo ya neno moja inaonyesha waziwazi jinsi watu wanavyowaza: mwenye imani tofauti hudhaniwa mwongo, na baada ya muda neno hukumbuka uongo tu.

Neno kafiri nalo halina maana moja. Hutajwa kwalo mtu asiyekuwa Mwislamu, ambaye aweza kuwa Mkristo mcha Mungu au mfuasi wa dini ya jadi. Kupitia kwa Wareno neno hilo liliingia katika lugha za Ulaya, na huko Afrika Kusini likawa tusi la ubaguzi wa rangi. Mpagani, kwa asili ya Kilatini, alikuwa mtu wa shamba. Katika maandishi ya wamisionari akawa ni yule aliyekuwa bado hajabatizwa, ingawa alikuwa na Mungu na matambiko yake. Murtadi ni mtu aliyeiacha dini yake, na yawezekana ameingia katika dini nyingine. Hivyo basi, kati ya maneno haya yote ni mulhidi na mkanamungu tu yanayokaribia maana inayotakiwa, na hata hayo yanasema kukana peke yake.

Hoja ya Locke

Kwa nini mtu asiyeamini Mungu alidhaniwa mwongo? Jibu lililo maarufu kuliko yote lilitolewa na mwanafalsafa Mwingereza John Locke katika waraka wake juu ya kuvumiliana katika dini, uliochapishwa mwaka 1689. Locke alitetea uhuru wa madhehebu mengi, lakini aliwatenga wasioamini Mungu. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi, mikataba na viapo ndivyo vifungo vya jamii ya binadamu, na kwamba vifungo hivyo haviwezi kumshika mtu asiyemwogopa Mungu.

Hoja hii si ngeni kwetu. Kwa Kiswahili mtu hula kiapo, hula yamini. Kiapo cha kale hakikuwa maneno matupu. Kilikuwa pia ni jaribio la kumpima mtuhumiwa kwa kitu cha kunywa au cha moto, na aliyesema uongo alitazamiwa kudhurika. Nguvu ya kiapo ilitoka nje ya mwenye kuapa. Ikiwa ndivyo, asiyeogopa nguvu hiyo angefungwa na nini?

Katika mahakama za Uingereza hoja ya Locke ilikuwa na nguvu ya sheria. Waquaker, ambao dini yao inawakataza kuapa, waliruhusiwa tangu mwishoni mwa karne ya 17 kutoa tamko badala ya kiapo katika mambo mengi. Lakini mtu asiyeamini Mungu hakuruhusiwa kutoa ushahidi kabisa. Mwaka 1859 John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru, alieleza kisa cha miaka miwili nyuma cha mgeni mmoja aliyenyimwa haki dhidi ya mwizi kwa sababu alikiri kwamba hana dini. Mill akaonyesha kwamba kanuni hiyo inajivunja yenyewe. Asiyeamini aliye mwongo ataficha mawazo yake, ataapa, na ushahidi wake utapokewa; aliye mkweli atakiri, na ushahidi wake utatupwa. Sheria iliyowekwa ili kuwazuia waongo ikawa inawazuia wakweli peke yao.

Holyoake: kutafuta jina la kushika

Mwaka 1842 George Jacob Holyoake, kijana wa Birmingham mwenye umri wa miaka 25, alitoa hotuba mjini Cheltenham juu ya vijiji vya kijamaa vya wafanyakazi. Msikilizaji mmoja akamwuliza mbona mpango wake hautaji mahali pa ibada. Holyoake alijibu kwamba watu ni maskini mno kuweza kubeba gharama za dini, akaongeza mzaha juu ya kumpunguzia Mungu mshahara. Kwa jibu hilo alishtakiwa kwa kukufuru, akafungwa miezi sita katika gereza la Gloucester. Alipokuwa gerezani, binti yake mdogo alifariki dunia.

Baada ya hayo Holyoake hakuridhika na jina alilopewa. Aliona kwamba neno lenye maana ya kutokuwa na Mungu lilikuwa limekwisha kubebeshwa maana ya kutokuwa na maadili, na kwamba mabishano juu ya jina yaliwazuia watu kusikia hoja. Mwaka 1851 alitunga neno jipya kutokana na saeculum la Kilatini, yaani zama, au ulimwengu huu tunaoishi. Hilo ndilo chimbuko la neno la Kiingereza ambalo siku hizi baadhi yetu huliandika usekula. Kwa Holyoake neno hilo halikuwa la kukana. Lilitaja wajibu: kuyaboresha maisha haya kwa njia zilizomo humu duniani, kutegemea maarifa ya sayansi kwa mahitaji ya watu, na kutenda wema kwa kuwa ni wema, pawe na ulimwengu mwingine au pasiwe. Mtu mwenye dini aliweza kushirikiana naye katika kazi hiyo bila ya kuiacha dini yake.

Jambo hilo lilidhihirika katika maisha yake. Holyoake ndiye aliyeandika historia mashuhuri ya wafumaji wa Rochdale, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, akaitumikia harakati ya ushirika mpaka alipofariki mwaka 1906. Jengo kuu la Umoja wa Ushirika mjini Manchester, lililofunguliwa mwaka 1911, lilipewa jina lake. Walimu wetu wanaofundisha kanuni za ushirika hutaja Rochdale mara kwa mara. Ni vema wajue pia kwamba mwandishi wa habari zake alikuwa ni mfungwa wa kufuru.

Bradlaugh: kutafuta haki ya kuahidi

Charles Bradlaugh, aliyezaliwa London mwaka 1833, alichukua njia nyingine. Yeye hakulikimbia jina la kutokuwa na Mungu, bali alilieleza upya. Katika kijitabu chake cha mwaka 1864 alisema kwamba yeye hasemi "Mungu hayupo"; anasema kwamba neno hilo, kwa jinsi analolisikia, halimpi maana iliyo bayana, na kwamba hawezi kukana kitu ambacho hakijafafanuliwa. Msomaji wa jarida kama hili atatambua kwamba hoja hiyo ni ya fasili. Mwaka 1866 alianzisha chama cha kitaifa cha wafuasi wa usekula. Na baada ya kukataliwa ushahidi katika kesi yake mwenyewe, alipigania haki hiyo mpaka Bunge likapitisha sheria za mwaka 1869 na 1870, zilizowaruhusu wasioamini kutoa tamko mahakamani badala ya kiapo.

Mwezi Aprili 1880 wapiga kura wa Northampton walimchagua kuwa mbunge. Tarehe 3 Mei aliomba kutoa tamko badala ya kiapo. Kamati ya Bunge ikakataa kwa kura ya turufu ya mwenyekiti. Bradlaugh akasema kwamba, kama ni lazima, ataapa, naye atajihesabu amefungwa na maana ya ahadi wala si na maneno ambayo kwake hayana maana. Hapo wapinzani wake wakasema kwamba mtu wa namna hiyo hawezi hata kuapa. Akawa amezuiwa pande zote mbili: hakuruhusiwa kuahidi bila ya Mungu, wala hakuruhusiwa kuahidi kwa jina la Mungu. Mwezi Juni alifungiwa kwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge kwa kukataa kuondoka ukumbini.

Mambo yaliyofuata yalichukua miaka sita. Mahakama iliamua mwaka 1881 kwamba tamko lake halikuwa halali, akapoteza kiti. Northampton wakamrudisha mwaka huo huo, na tena mwaka 1882, na tena mwaka 1884. Mwezi Agosti 1881 alitolewa bungeni kwa nguvu na polisi. Mwezi Februari 1882 alijiapisha mwenyewe mbele ya wabunge, akafukuzwa. Mwaka 1883 serikali ya Gladstone ilileta muswada wa kuruhusu tamko. Gladstone alikuwa mcha Mungu sana, lakini aliutetea, akieleza kwamba dini hailindwi kwa kuudai mdomo ukiri mungu yeyote tu. Muswada ulishindwa kwa kura 292 dhidi ya 289.

Hatimaye, mwezi Januari 1886, Spika mpya alikataa kusikiliza pingamizi lolote, na Bradlaugh akaapa kama wabunge wengine. Mwaka 1888 yeye mwenyewe alifanikiwa kupitisha sheria ya viapo, inayomruhusu mtu yeyote kutoa tamko ikiwa hana imani ya dini, au ikiwa kuapa ni kinyume cha imani yake ya dini. Tazama jinsi sheria hiyo inavyowaweka pamoja asiyeamini na Mquaker. Mmoja haapi kwa kuwa hana wa kumwapia. Mwingine haapi kwa kuwa Mungu wake amemkataza. Wote wawili wanadai jambo moja: neno langu litoshe.

Tarehe 27 Januari 1891 Bunge liliamua kufuta katika kumbukumbu zake azimio lililomzuia. Bradlaugh alikuwa mahututi, hakuweza kuambiwa habari hizo, akafariki siku tatu baadaye. Miongoni mwa waliohudhuria maziko yake alikuwamo mwanafunzi wa sheria kutoka Bara Hindi, Mohandas Gandhi, mtu aliyekuwa na Mungu wake na viapo vyake.

Kushika si jambo moja

Hatuna budi kujihadhari tusiseme kwamba wasioamini wote hushika jambo moja. Kukana hakuzai imani nyingine kwa lazima. Bradlaugh aliupinga ujamaa, akajadiliana hadharani na Hyndman juu yake mwaka 1884. Msaidizi wake mkubwa, Annie Besant, akawa mjamaa, kisha tangu mwaka 1889 akaingia katika theosofia. Thomas Huxley, mwanasayansi, hakutaka kukana wala kukubali; mwaka 1869 alitunga neno agnostiki kwa ajili ya mtu anayesema kwamba jambo hili halijulikani, na ambaye hujifunga kutodai kulijua asilolijua. Hilo nalo ni fungo la maadili.

Katika karne ya 20 baadhi yao walijikusanya chini ya jina linalotokana na utu. Mwaka 1952 umoja wao wa kimataifa uliundwa mjini Amsterdam na kutoa tamko, ambalo lilirudiwa kuandikwa mwaka 2002 na mwaka 2022. Wanayojifunga nayo humo ni kuthamini kila mtu, kutumia akili na ushahidi, uhuru unaokwenda pamoja na wajibu kwa wengine, na demokrasia. Lakini zilikuwako pia dola zilizokana Mungu na kuwanyima raia uhuru huo huo. Albania ilijitangaza mwaka 1967 kuwa nchi isiyo na Mungu, ikafunga misikiti na makanisa, na marufuku hiyo ikadumu mpaka mwaka 1990. Kwa hiyo mtu akisema "siamini Mungu" bado hajatuambia atawatendea vipi wenzake, kama vile asemaye "naamini" naye bado hajatuambia.

Istilahi zetu

Kutokana na historia hiyo tunaweza kutoa mapendekezo manne.

La kwanza, kafiri, mpagani na murtadi yasitumike katika fasiri rasmi kumaanisha mtu asiyeamini kuwapo kwa Mungu. Si kwa sababu ya adabu tu, bali kwa sababu hayana maana hiyo. Pahali pa fomu, maneno ya wazi "asiye na dini" na "asiyeamini kuwapo kwa Mungu" yanatosha, nayo yasichanganywe: mtu anaweza kumwamini Mungu bila ya kuwa na dini.

La pili, tutenganishe dola isiyo na dini na dola ipingayo dini. Tanzania ilifundishwa na Mwalimu Nyerere kwamba serikali haina dini ila watu wake wanazo. Naye aliandika katika miaka ya 1960 kwamba mtu halazimiki kuamua kama Mungu ni mmoja, ni wengi au hayupo ndipo aweze kuwa mjamaa. Maana hiyo ni ya Holyoake, si ya Albania ya 1967. Mfasiri anayelitumia neno moja kwa zote mbili anaharibu siasa pamoja na lugha.

La tatu, tulifikirie upya neno uthibitisho, ambalo wafasiri wengi hulitumia kwa tamko litolewalo badala ya kiapo. Neno hilo lina kazi nyingine kubwa, yaani kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Shahidi anayeanza kwa "kuthibitisha" huonekana amekwisha kulithibitisha ambalo bado hajalisema. Tena tukumbuke kwamba tamko hilo si alama ya asiyeamini. Sheria ya viapo ya Tanzania inamruhusu alitoe mtu wa dini isiyokuwa ya Kikristo, na vilevile mtu asiye na imani ya dini, au ambaye imani yake inamkataza kuapa, kwa maneno yanayofanana na yale ya Bradlaugh ya mwaka 1888. Ndiyo maana shahidi Mwislamu katika mahakama zetu kwa kawaida hutoa tamko, na shahidi Mkristo huapa. Sheria ya viapo ya India ya mwaka 1873 ilikuwa imekwisha kuwaweka Wahindu na Waislamu katika utaratibu huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeweka kiapo na tamko bega kwa bega, na kumwomba Mungu msaada kumeachwa kwa mwenye kuapa. Istilahi tamko la dhati ingewafaa wote hao bila ya kumwuliza mtu sababu yake.

La nne, utu usifanywe mali ya kundi moja. Rais Kaunda wa Zambia aliijenga siasa yake ya utu, iliyotangazwa mwaka 1967, juu ya imani yake ya Kikristo. Mfasiri atakapokutana na utu wa wale wa Amsterdam, na aongeze maneno: "falsafa ya utu isiyotegemea dini".

Hitimisho

Locke aliuliza ni nini kitakachomfunga mtu asiyeogopa Mungu. Waswahili wana methali iliyo na jibu, nayo hutumiwa na wenye dini wasione kwamba wameikosea dini yao: ahadi ni deni. Deni lina mdai, na mdai huyo ni mtu aliyeahidiwa. Holyoake na Bradlaugh hawakudai zaidi ya hapo. Walitaka wahesabiwe kuwa wadaiwa wa wenzao kama watu wengine, na wadaiwe.

Mwanaistilahi hawezi kumpa mtu uaminifu wala kumwondolea. Awezalo ni kuhakikisha kwamba jina analolichagua halimtangulii shahidi kizimbani na kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Neno mzandiki limekwisha kufanya kazi hiyo mara moja katika lugha yetu, tusilipatie mwenzake.